Sarafu Iliyovaliwa Mpaka Juzi

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama jikoni na beseni mikononi, maji ya ndimu yamegeuka rangi ya mchicha, na Mzee Albano kajishika kichwa kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Wengi wenu mmenitumia ujumbe mkicheka. Chekeni tu, hata mie siku hizi nacheka. Ila ya leo hayana kicheko.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, naitwa Najat, mzaliwa wa Kunduchi, mtoto wa marehemu Bi Hija aliyekuwa akikaanga samaki pale sokoni. Niliolewa na Faraji, tukapata mtoto mmoja, Talha. Talha akapotea kabla hajatimiza miaka minne. Siku hiyo alibaki na wifi yangu Munira, dada wa Faraji, na Munira aliapa mbele ya watu kwamba alimwona akikimbilia ufukweni. Wavuvi walizamia mpaka wakachoka. Mwili haukupatikana, khitma tukasoma hivyo hivyo.

Faraji akaniacha. Eti kila akinitazama anamwona mwanawe. Nikabaki sina mbele wala nyuma, hadi nilipopata kazi za ndani Goba, kwa Mzee Albano, mgane wa Newala aliyestaafu kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mzee huyu hanywi, havuti, haongei na majirani. Starehe yake ni sarafu za kale za shaba.

Na mie, kwa nia njema kabisa, nikazichukua sarafu zake nikazisugua kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa. Sisi watu wa pwani chombo cha shaba kikifubaa ndivyo tunavyokifanya. Sinia ya mgeni isipong'aa ni aibu ya nyumba nzima. Nani angeniambia kwamba wapo watu duniani wanaokutaka huko kufubaa kwenyewe?

Nilijua nimefukuzwa. Nikaanza kukunja khanga zangu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kwetu, mzee."

"Kwenu wapi? Si ulisema huna kwenu?" Akavuta kiti. "Kaa hapa. Umenichunia wanangu ngozi. Sasa utajifunza ngozi ni nini."

Ndivyo nilivyoanza kukaa meza moja na tajiri yangu. Aliniwekea sarafu moja moja mbele yangu, na nikikosea ananipiga kidogo kwenye vidole kwa penseli, kama mwalimu wa zamani.

Alinifundisha kwamba kijani kigumu kilichoshikamana na shaba ni umri, usikiguse. Kijani cha unga kinachodondoka ni maradhi, na sarafu yenye maradhi hayo itengwe, isije ikawaambukiza wenzake. Iliyotoka baharini ina chokaa na vishimo. Iliyochimbwa ardhini ina ukijani mkavu uliokwenda mpaka ndani ya herufi. Ya kughushi imemiminwa kwenye kalibu, ukipitisha ukucha ukingoni unakutana na mshono. Ya kweli, ile ya Kilwa ya kale, iligongwa kwa nyundo, haipatikani iliyo duara kamili.

Sikuwa mwanafunzi hodari, nisijisifu. Mara mbili nilimchagulia ya kughushi nikidhani nimeokota dhahabu. Lakini kazi ile ilinifaa kwa jambo moja. Nikiinamia sarafu, nilikuwa simuoni Talha.

Basi Jumamosi asubuhi akaja Fakihi.

Fakihi ni mnunuzi wa vyuma na shaba chakavu. Anazunguka mitaa ya Temeke na guta lake la injini, kipaza sauti kikipiga kelele, na akikuta sarafu ya ajabu ajabu humletea mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mara ya mwisho uliniletea vifuniko vya soda, Fakihi. Leo umeniletea nini?"

"Leo utanipigia makofi mwenyewe." Akamimina sarafu kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kitambaa cha meza. "Dada Najat, mambo?"

"Poa."

Mzee akaegemea kiti, akakunja mikono. "Najat, chagua. Mie nipo kimya."

Nikaanza kwa mbwembwe. Nikazitoa tatu zilizofanana, nikazipanga. "Hizi za kughushi, mzee. Zote zina mkwaruzo mmoja, mahali pamoja. Zimezaliwa kwenye kalibu moja."

"Duh!" Fakihi akacheka. "Sista kawa noma."

Nikatenga moja iliyokuwa ikidondosha unga wa kijani. Nikamsogezea mzee mbili nzuri, nyeusi, maandishi ya Kiarabu yamesimama vizuri. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaona raha, naapa. Nilikuwa sijaona raha siku nyingi.

Kisha kidole changu kikagusa ya mwisho.

"Hiyo weka pembeni," mzee akasema kabla sijaiinua. "Imetobolewa. Sarafu yenye tundu haiingii kwenye mkusanyo wangu."

Sikuiweka pembeni. Sikuweza kuachia.

Ilikuwa ndogo, ya kahawia, ina tundu ukingoni. Na kando ya tundu, upande wa ndani, kulikuwa na alama nyingine ya msumari. Kishimo kilichoanzwa kikaachwa.

Wasomaji wangu, kishimo kile nilikiona kikichimbwa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani kwetu Kunduchi, nina mimba ya Talha. Mama yangu aliokota sarafu ile kwenye mchanga baada ya mvua kubwa, akataka kumtobolea mjukuu wake kinga ya shingoni. Akaweka msumari, akagonga mara moja, kisha akashtuka.

"Astaghfirullah! Nilitaka kumtoboa nani mie? Hapa si pameandikwa jina la Mola?"

Akauhamisha msumari hadi ukingoni kabisa, mahali pasipo na herufi. Na akatoa amri, na Bi Hija akitoa amri nyumba nzima inanyooka. Mtoto asiingie nayo chooni wala bafuni. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kabla ya kuoga, sarafu inavuliwa na kutundikwa kwenye msumari wa nje, kando ya mlango wa bafu. Talha alizoea hivyo kabla hata hajajua kusema vizuri. Akitoka kuoga, hata taulo hajapewa, mkono unakwenda kwenye msumari.

Siku aliyopotea, Munira alisema alikuwa nayo shingoni. "Ilikuwa inametameta juani," alisema huku akilia. Ndiyo maana watu walichekecha mchanga ufukwe mzima, wakitafuta angalau sarafu.

"Najat," mzee aliita. "Umelala?"

"Hapana, mzee."

"Basi tusiitupe bure, ina somo. Niambie, hiyo imetoka baharini?"

Nikaigeuza. Nikaitazama kama alivyonifundisha, nikiomba nione chokaa, nikiomba nisione.

"Haikutoka baharini."

"Kwa nini?"

"Haina chokaa. Haina vishimo."

"Ardhini je?"

"Haina kijani, mzee."

"Sasa imetoka wapi?"

Akaichukua mkononi mwangu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mzee wa watu hana hili wala lile, anafundisha tu.

"Imetoka shingoni mwa mtu. Huu ulaini ni jasho na mafuta ya ngozi. Sasa tazama tundu, upande wa juu. Kamba imelila, pamebaki pang'avu. Ingelala kwenye droo hata mwaka mmoja, pale pangefifia. Hii imevaliwa miaka, na imevaliwa mpaka juzi."

Sijui kama mliwahi kupata furaha inayouma. Mwanangu hakwenda baharini. Miaka yote niliyokuwa nikiyachukia maji ya Kunduchi, Talha alikuwa mahali fulani anaoga, anavaa sarafu yake, anakua. Nilitaka kupiga vigelegele pale mezani.

Nikajikaza kisabuni, nikamgeukia Fakihi. "Hii umeitoa wapi?"

"Hiyo? Mbagala. Kuna mama mmoja anauza vyombo, anahama. Nimechukua sinia mbili za shaba na vinara. Hiyo ilikuwa ndani ya sinia. Nikamwambia, mama, hiki kisarafu umekisahau. Akaniambia chukua tu braza, mwenyewe hana haja nacho tena."

"Hana haja nacho?"

"Ndivyo alivyosema. Hana haja nacho tena."

Msomaji, wewe ungeelewa nini? Kitu cha shingoni kinauzwa pamoja na masinia, na mwenyewe hana haja nacho. Furaha yangu haikuishi hata muda wa kumeza mate. Nilielewa kwamba mwanangu alikuwa hai miaka yote nilipomlilia, na sasa ndiyo kafa kweli, na sikuitwa hata kumwosha.

Nilijikuta sakafuni. Mzee ananimwagia maji, Fakihi anasema sio yeye, hajanigusa. Nikawaeleza yote pale pale chini, kwikwi zimenishika.

Mzee Albano akanifumbua kiganja, akaiweka sarafu, akakifumba tena kwa mikono yake miwili.

"Twende kituoni kwanza," akasema. "Tuwe na askari."

"Mzee, anahama! Tukifika kituoni tukaandikisha maelezo, tutakuta nyumba tupu."

"Basi tangulia na Fakihi. Mie nakwenda kituoni, nitawafuata nao. Usigombane na mtu, Najat. Unanisikia? Tazama kwanza, ndiyo useme."

Nikapanda nyuma ya guta, katikati ya mabomba na feni mbovu, kutoka Goba mpaka Mbagala. Watu njiani walinitazama. Mwanamke mzima amekaa juu ya vyuma chakavu, analia, kafumbata ngumi.

Njia nzima nilikuwa namfikiria Munira. Munira hakujaliwa mtoto. Aliwahi kuniomba, tukiwa tunasuka ukili, kwa upole kabisa.

"Wifi, nipe Talha nimlee. Wewe bado utazaa. Mie mtoto wa kaka yangu ni wangu pia."

Si ombi la ajabu kwetu, wengi tumelelewa na mashangazi. Lakini mie nilimjibu, "Nimemzaa mmoja. Nikikupa huyo, nibaki na nini?" Akacheka, akaendelea na ukili wake, hakulitaja tena. Baada ya msiba Faraji aliniambia dada yake kaolewa Tanga, na kwamba hataki kuonana na mtu kwa uchungu. Nilimhurumia! Nilikuwa nikimwombea dua, mie huyu.

Fakihi akazima injini mbele ya nyumba yenye geti la kijani. "Ndiyo hapa, dada."

Uani kulikuwa na magodoro yaliyofungwa kamba, maboksi, cherehani imefunikwa shuka. Mwanamke mwenye dera la njano alikuwa ameinama, anabandika boksi gundi ya karatasi. Mgongo ule niliujua kabla hajageuka.

"Hodi," Fakihi akaita kwa bashasha. "Mama, nimekuletea mteja. Kaipenda ile sarafu, anataka kujua habari zake."

Munira akageuka. Gundi ikamdondoka.

Mengi nilikuwa nimepanga kumwambia. Mdomoni likatoka moja tu.

"Munira, mwanangu amekufa lini?"

"Nani kakwambia kafa?"

Akajiziba mdomo. Tulibaki tunatazamana, na Fakihi katikati yetu, anamtazama huyu, anamtazama yule, uso umeanza kumshuka.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya maji. Mtu alikuwa anaoga kwenye bafu la uani. Maji yanamwagwa kwa kopo, na katikati ya maji mtoto anaimba kaswida ya madrasa, anakosea maneno, anarudia.

Miguu ikaondoka yenyewe. Munira akanidaka mkono, akaniminya kwa nguvu, akaongea kwa kunong'ona, haraka haraka.

"Najat, nisikilize. Mie sikuiba mtu. Kaka yangu kanipa kwa mikono yake. Nilimwambia tukuombe tena, akasema wewe huombeki. Ya baharini kayatunga yeye, nikaapa mie. Nitaulizwa na Mungu, najua."

"Niachie."

"Sikiliza kwanza! Yeye ananijua mie ndiye mama. Hakukumbuki. Alikulilia mwezi mzima, homa juu, tulidhani tunamzika kweli. Kisha akasahau. Unataka umrudishe kule?"

"Niachie nimwone mwanangu!"

"Piga kelele basi. Piga. Atatoka pale akute mwanamke asiyemjua anamrukia, akukimbie, na atakuogopa mpaka anakuwa mtu mzima. Hicho ndicho unachotaka?"

Mwanamke huyu alikuwa ameniibia mtoto, na bado anajua pa kunishika. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema jambo ambalo linaweza kuwa kweli.

"Na sarafu kwa nini umeitoa?" nikamuuliza.

"Kaka kaagiza. Kesho tunasafiri, mie na mtoto, mbali. Kasema kitu chochote cha Bi Hija kisipande nasi."

Maji yakakoma.

Mlango wa bafu ulikuwa wa bati. Ukasukumwa kwa mguu, kama watoto wafanyavyo. Akatoka. Mrefu! Mwembamba kama baba yake, povu limebaki nyuma ya sikio, kaputula imelowa. Niliyemlilia alikuwa na mashavu na kitambi. Huyu nilimtafuta usoni, nikaingiwa na hofu kwamba si yeye, kwamba nimekuja kumlilia mtoto wa watu.

Kisha mkono wake ukapanda.

Hakutazama. Mkono ulikwenda wenyewe ukutani, kando ya mlango, kwenye msumari. Ukakuta hakuna kitu. Akapapasa juu, akapapasa chini.

Goti langu likapiga chini. Nilikuwa nimempata.

"Mama," akasema.

Nikafungua mdomo.

"Mama, sarafu yangu umeiweka wapi?"

Alikuwa anamtazama Munira.

"Utapata nyingine, baba," Munira akajibu, sauti inatetemeka lakini imetoka. Bado alikuwa kanishika, kucha zimeingia. "Njoo uvae. Tuna mgeni. Msalimie shangazi yako."

Akasogea. Akanitazama vile nilivyopiga goti, macho yangu na yake yamelingana. Macho ya Bi Hija, yale yale, yanamkagua mtu kabla ya kumpa salamu. Akaunyoosha mkono wake mdogo, wa baridi, umelowa, akaniwekea kichwani kidogo na kuurudisha, kama alivyofundishwa kumwamkia mkubwa.

"Shikamoo, shangazi."

Ngumi yangu ilikuwa imefumba sarafu, ukingo unanikata. Nyuma yangu Fakihi alikuwa analia waziwazi. Mzee Albano na askari wake hawajatokea. Munira alinitazama, nami nilijua kwamba neno moja langu ndilo litakaloamua mtoto huyu anikimbilie au anikimbie, na kwamba sina hata mmoja wa kumuuliza lipi ni lipi.

Nikaitikia.

"Marahaba."

Akaridhika. Akanipita, akarudi kwenye mlango wa bafu, akainama kuitafuta sarafu yake chini ya msumari.